Gari la Sita

Mwenye duka la vifaa vya ofisi alipanga pakiti nne juu ya kaunta, akauliza printa ya nyumbani ni ya wino au ya leza. Kurasa akajibu upesi kwamba printa ni printa. Shemeji yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kidoti, akasema ni ya wino, kwa hiyo pakiti mbili za kulia ziondolewe, maana karatasi ya leza ikipita kwenye wino rangi hujikusanya juu yake kama maji kwenye meza iliyopakwa nta. Mwenye duka akacheka na kuziondoa. Kurasa hakucheka. Alikuwa amekula miaka ishirini na sita kiwandani akipiga chapa, na jina lenyewe la Kurasa alilipata huko kwa kuhesabu karatasi kwa dole gumba haraka kuliko yeyote. Leo alikuwa anafundishwa karatasi mbele ya watu waliokuja kununua kalamu.

Zikabaki pakiti mbili. Zote zilikuwa za stika za maji: unachapa, unapuliza vanishi, unakata, unalowesha kidogo, kisha utando mwembamba wenye picha unateleza kutoka kwenye karatasi na kulala juu ya plastiki kana kwamba umezaliwa hapo. Moja ilikuwa na utando angavu usio na rangi, nyingine utando mweupe, na bei ya ile nyeupe ilikaribia kuwa mara mbili. Kurasa akaichukua ile angavu, akaipima mkononi na kusema inatosha.

"Haitoshi, shemeji," Kidoti alisema. "Vigari vyetu vya kuchezea ni vyekundu na bluu, na printa haina wino mweupe. Jina la mtoto ukilichapa njano kwenye hii, likikaa juu ya gari jekundu hulioni tena."

Mwenye duka akaunga mkono, akamwita Kidoti fundi, kisha akatoa vipande viwili vya sampuli ya ile angavu, kila kimoja kikubwa kama kiganja, akampa akajaribie vigari vyeupe siku moja. Hakudai kitu. Kidoti alishukuru na kuvitia kwenye begi. Kurasa aliviona vikitoka mkono huu na kuingia ule, na roho yake ikafanya kazi yake. Tangu lini mwenye duka akatoa kitu bure? Watu hawa wana lao jambo.

Walinunua nyeupe. Njia nzima Kurasa aliibeba pakiti kwapani, na Kidoti alipojitolea kumpokea alisema si nzito.

*

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, na sebule ndiyo iliyokuwa karakana. Ujuzi ulikuwa wa Kidoti, aliyejifunza kwenye duka la vitu vya watoto kabla halijafungwa. Printa ilikuwa ya Kurasa, aliyoinunua kiwanda kilipomwambia asirudi tena. Mikono ya kukata ilikuwa ya mke wa Kurasa, dada yake Kidoti, ambaye aliweza kuzungusha mkasi wa kucha kwenye herufi ndogo bila kuinua macho. Watu watatu, kazi moja, na kila mmoja alijua kuwa peke yake haiwezi. Kurasa ndiye hakupenda kulijua hilo.

Safari hii kazi ilikuwa ya chekechea. Mwalimu mkuu alitaka vigari themanini na vinne, kila mtoto wa mahafali apate chake, jina kwenye milango yote miwili, nembo ya shule mbele na namba juu ya paa. Ijumaa asubuhi angekuja mwenyewe kuvichukua. Vikimpendeza, alisema, shule ina matawi mengine. Visipompendeza hakusema itakuwaje, lakini kwa namna alivyovuta midomo kila mtu alielewa. Nyumba ile haikuwa na kazi nyingine ya kuegemea.

Jumamosi, siku ile ile ya kununua, Kidoti alifungua pakiti, akatoa karatasi ya kwanza kwa ncha za vidole na kuchapa. Karatasi moja ilibeba stika za vigari sita. Vyote sita vilitoka safi, herufi zikikaa kwenye plastiki kama zilizotoka nazo kiwandani. Hata Kurasa alikitazama kimoja kwa muda mrefu kabla ya kukirudisha.

"Jambo moja tu," Kidoti alisema. "Zishikwe kingoni. Ule uso unaong'aa usiguswe kabisa."

Kurasa alimjibu kwamba yeye alishika karatasi kabla Kidoti hajaota meno. Akazikusanya kumi na tisa zilizobaki, akazifungia kabatini na kuutia ufunguo mfukoni. Akatangaza utaratibu mpya: yeye atatoa karatasi, yeye atailisha printa, na mwingine yeyote asubiri ikishatoka. Kidoti akamtazama dada yake. Dada yake akawa anatafuta mkasi uliokuwa mbele yake.

Na kila asubuhi Kurasa alifanya kama alivyozoea kiwandani. Dawa za kusafishia mitambo zilikuwa zimemkausha ngozi mpaka ikapasuka, kwa hiyo akiamka alipaka mikono mafuta ya mgando, hasa madole gumba. Kisha alifungua kabati, akazishika karatasi pembeni, akazikunja kidogo na kuziachia moja moja chini ya dole gumba la kulia, midomo ikihesabu bila sauti. Jumapili zilikuwa kumi na tisa. Aliridhika, ingawa kuridhika kwenyewe hakukumpendeza sana. Mtu akiwa anamngoja mwizi, siku isiyoibiwa kitu humwachia kiu.

*

Jumatatu walichapa karatasi tatu. Kidoti alipuliza vanishi, wakangoja zikauke, mke wa Kurasa akakata, wakalowesha. Vigari vitano vya kila karatasi vilikuwa salama. Kile cha sita, kilichokaa pembe ya chini kulia, kiliharibika karatasi zote tatu. Wino ulivuja, jina likavimba na kuwa doa la zambarau, nembo ikawa kama uso wa mtu aliyelia. Walikipangusa, wakakausha, wakaanza kutazamana.

Kidoti alisema labda vanishi haikufika pembeni. Akaongeza kuipuliza. Haikusaidia. Kurasa alizirudisha kumi na sita kabatini, akafunga na kuvuta mlango mara mbili kuhakikisha.

Jumanne asubuhi alihesabu akapata kumi na tano.

Akahesabu tena. Kumi na tano. Akaketi kitandani na karatasi mapajani, na kwa mara ya kwanza wiki ile alijisikia mtu mwenye akili timamu. Sasa mambo yote yalikaa sawa: mwenye duka aliyetoa vitu bure, pakiti iliyochanganywa karatasi mbovu, msichana wa watu anayeiba nzuri mojamoja akafanye kazi zake pembeni. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, ni kweli, lakini mfuko ulikuwa wa suruali, na suruali ilining'inia msumarini alipokuwa anaoga.

Alimwita mke wake chumbani, akamweleza kwa sauti ya chini ambayo nyumba nzima iliisikia. Mke akasema mdogo wake si mtu wa hivyo. Kurasa akasema hata wa kiwandani hawakuwa watu wa hivyo, mpaka walipokaguliwa getini. Hakusema kwamba yeye mwenyewe alikaguliwa getini kila jioni miaka ishirini na sita, wala kwamba hakuwahi kuizoea hata siku moja.

Alitoka sebuleni akasimama mbele ya kabati.

"Mwambie mdogo wako afungue begi."

Kidoti alikuwa mezani akipanga vigari kwa rangi. Hakubisha. Alilivuta begi lake kutoka chini ya kochi, akalisukuma mbele ya dada yake.

"Fungua wewe, dada."

Mke wa Kurasa alitamani ardhi impasukie. Alifungua zipu taratibu, kana kwamba akichelewa vya kutosha mtu atasema basi. Hakuna aliyesema. Akatoa gauni, akatoa kitana, akatoa daftari la hesabu za vipimo. Zikaja nguo za ndani, zimekunjwa vizuri. Akazificha haraka chini ya gauni, na Kurasa, ambaye siku nyingine angegeuza uso, hakugeuza. Mwisho kabisa, ndani ya bahasha, vikatoka vile vipande viwili vya sampuli.

"Na hizi?" Kurasa aliuliza.

Kidoti alimkumbusha kuwa alikuwepo zilipotolewa, na kwamba ni za utando angavu, akiziweka kwenye mwanga ataiona tofauti mwenyewe. Kurasa alisema asimpake mafuta kwa mgongo wa chupa, karatasi ni karatasi, na dukani hakuna kitu cha bure. Mke wake akataka kusema kitu akakimeza. Ule ukimya wa dada yake ndio uliomuumiza Kidoti kuliko maneno yote. Alirudisha nguo begini, akafunga zipu.

Alisema atakwenda kwa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, ambaye siku zote humwambia chumba chake kina nafasi. Mlangoni akageuka.

"Karatasi ziko kabatini, shemeji, na ufunguo unao wewe. Tangu Jumamosi mimi sijagusa hata moja ambayo haijachapwa."

Kurasa aliyachukua maneno yale kuwa ujeuri. Yalikuwa ushahidi, lakini hakuna aliyekuwa anausikiliza.

*

Jumatano walichapa wenyewe, mume na mke. Kurasa alisema sasa tutaona. Alitoa karatasi tatu, akazilisha, akapuliza vanishi kama alivyomwona Kidoti akipuliza. Mke alikata. Usiku uliopita hakulala vizuri, na chai ya asubuhi ilikuwa bado imejaa kikombeni, imeshika utando. Walipolowesha, vitano vikashika. Cha sita kikayeyuka, kwenye karatasi zote tatu, pembe ile ile.

Mke alikishika kigari chenye doa la zambarau na kukizungusha.

"Leo hayupo," alisema.

Kurasa alikunja uso akasema basi ni mwenye duka. Shaka yake ikamtoka Kidoti, ikaelekea dukani moja kwa moja, bila kupitia kwa fundi cherehani kuomba radhi.

Alhamisi duka lilipofunguliwa alikuwa mlangoni na karatasi moja ambayo haijachapwa, ameifunga ndani ya gazeti. Kulikuwa na wateja wawili, mwanafunzi aliyetoa nakala na mama mmoja aliyekuwa anachagua bahasha. Kurasa hakumung'unya maneno. Alisema ameuziwa bidhaa feki, kwamba ndani ya pakiti zimechomekwa mbovu, na kwamba yeye si mtoto wa jana kwenye mambo ya karatasi. Mama wa bahasha akaacha kuchagua.

Mwenye duka hakukasirika. Aliifungua karatasi, akaishika kingoni, akazunguka kaunta mpaka mlangoni kwenye mwanga wa jua. Akaiinamisha hivi, akaiinamisha vile.

"Njoo uone, kaka."

Kurasa alikwenda. Mwanzo hakuona kitu, ni weupe mtupu unaong'aa. Kisha karatasi ikalala upande, na kwenye pembe ya chini kulia likajitokeza dole gumba. Lilikuwa kubwa, bapa, la mafuta, na alama zake zote zilisomeka. Katikati lilikatwa na mstari ulionyooka, kovu la mtu ambaye mashine ya kukatia karatasi nusura imwondolee dole zima.

"Mafuta," mwenye duka alisema polepole. "Wino haushiki hapo, vanishi haishiki, maji yanapata mlango. Ule uso haugusiki. Yule fundi wenu anajua, hakuwaambia?"

Kurasa alikuwa ameshautia mkono wa kulia mfukoni. Mwenye duka aliuona ukiingia. Aliifunga karatasi ndani ya gazeti lake, akamrudishia, akamgeukia mama wa bahasha na kumuuliza anataka za ukubwa gani. Angalau angenitukana, Kurasa aliwaza. Mtu akikutukana unapata la kumjibu.

Alirudi kwa njia ndefu. Alipofika kwenye ukuta wa shule alitoa mkono na kulitazama dole gumba kana kwamba ni la mtu mwingine. Hofu ilimshika, hofu ya kweli, ya mtu aliyezoea kukaguliwa na sasa kimepatikana kitu. Kisha akaanza kutafuta maneno, na kabla ya kufika nyumbani alikuwa ameyapata.

*

Alimwambia mke wake kwamba karatasi zilikuwa na kasoro ya kiwandani kwenye pembe moja, mwenye duka amekiri, na dawa yake ni kuiacha pembe ile wazi. Kidoti hana kosa, alisema, kama mtu anayetoa zawadi. Mke wake hakuuliza zaidi. Alivaa viatu hapo hapo akatoka, nusu anatembea nusu anakimbia, na baada ya muda akarudi na mdogo wake, aliyebeba begi lake.

Kidoti hakukaa. Vigari arobaini na vinane vilikuwa bado mezani bila majina. Aliomba aione karatasi. Kurasa alisema hakuna haja, ameshaeleza kila kitu, wasipoteze muda. Kidoti akangoja, ameunyoosha mkono. Mke akamtazama mumewe. Kurasa akafungua kabati.

Alizipokea kwa ncha za vidole, rundo zima, akaenda dirishani. Akainamisha ya juu. Akainamisha ya pili, ya tatu. Ya nne ilikuwa na uzito usio wa kawaida. Akaingiza ukucha pembeni, ikaachana na mwenzake kwa sauti ndogo kama ya bahasha inayofunguliwa. Zilikuwa mbili, zimegandishwa na mafuta. Ile iliyokuwa imefichika akaiweka peke yake mezani, mbele ya Kurasa.

"Hii hapa ya Jumanne," alisema.

Mke wa Kurasa akasogea dirishani akachukua moja na kuitega kwenye mwanga kama alivyomwona mdogo wake. Alilijua lile dole. Alikuwa amelifunga kitambaa siku lilipokatwa, akaliosha wiki tatu. Akaishusha karatasi.

"Nilimfungulia begi mdogo wangu," alisema. "Nilitoa nguo zake za ndani mbele yako."

Kurasa alisema hakujua. Ilikuwa kweli, lakini ilikuwa kweli ya Jumanne. Ya leo alikuwa ameijua tangu asubuhi, na ameingia nayo mlangoni imevaa nguo ya uongo. Mke wake alielewa hilo lote bila kuambiwa, na alimwonea aibu kuliko hasira. Kidoti alishaketi kwenye printa.

"Vitano kila karatasi," alisema. "Karatasi kumi zinatosha. Shemeji, nenda kanawe, kwa sabuni, halafu ukae pale."

Kurasa akanawa. Akakaa pale.

*

Ijumaa mwalimu mkuu alikuja na boksi mbili na miwani iliyofungwa uzi. Alikagua vigari kimoja kimoja, alisoma majina kwa sauti, alisugua nembo kwa kidole kuona kama inatoka. Haikutoka. Midomo yake ikalegea. Alilipa, akaacha karatasi ya oda nyingine, vigari mia mbili vya matawi yale mengine, majina yote yameandikwa kwa mkono, na akamtazama Kurasa kwa kuwa ndiye mwanamume aliyekuwepo, akamwambia hongera kwa kazi nzuri. Kurasa alisema asante. Sauti ilitoka ndogo.

Boksi zilipoondoka, mke wa Kurasa alimpa mdogo wake fungu lake. Kidoti alisema fundi cherehani amempa meza ya dirishani, atafanyia kazi huko. Dada yake akamshika mkono, akamwambia abaki, oda imekuja, mambo yamekwisha. Kidoti alimkumbatia muda mrefu. Kisha alikwenda kulivuta begi lake kutoka chini ya kochi, akalibeba mpaka mezani kwa Kurasa, akalifungua zipu kutoka mwanzo hadi mwisho na kulipanua mdomo.

"Kagua, shemeji," alisema bila ukali. "Nisije nikaondoka na kitu chako."

Kurasa aliangalia ndani kwa sababu lilikuwa mbele ya macho yake. Gauni, kitana, daftari. Dole lake lilikuwa limepasuka, tangu jana halijapakwa mafuta, na lilimuuma. Alikuwa na neno moja la kusema na alilijua. Badala yake alitia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa kabati, akauweka taratibu juu ya gauni.

Kidoti aliutazama. Akauchukua kwa vidole viwili, akauweka mezani juu ya ile oda ya vigari mia mbili.

"Huu si wangu," alisema.

Dada yake akafunga zipu, akalitia begi begani kwake mwenyewe na kutangulia nje. Kidoti akafuata. Kurasa alibaki na printa, ufunguo na orodha ndefu ya majina ya watoto wa watu. Kabatini zilikuwa zimesalia karatasi tatu, na hakuziendea kuzihesabu.